Nyumba Iliyobebwa Mabegani, na Jibu la Kiwanja cha Busi

Alexandria, Virginia,
Marekani.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Mwajabu,

Assalaam alaykum, na shikamoo yangu ikufikie kabla ya neno lingine lolote. U hali gani, mama yangu? Goti la kushoto linaendeleaje? Yale mafuta ya kuchua niliyompa Leonard akuletee yalifika, au yaliishia kwenye magoti ya watu wengine? Nauliza kwa sababu nawajua watu wa ua ule. Usicheke, nijibu.

Mimi mzima, alhamdulillah. Nuru naye mzima, amepanda darasa, na amerefuka mpaka suruali za mwaka jana zimekuwa kaptula. Kiswahili anakisikia chote, hata ukimsengenya, ila kujibu ni kwa Kiingereza tu. Sala anasali, usiwe na wasiwasi.

Barua hii anakuletea Bupe, yule dada wa Tukuyu ninayefanya naye kazi ya vyumba hotelini. Ana harusi Dodoma na ameahidi kufika Kondoa kwa miguu yake mwenyewe. Nimeamua kuandika kwa sababu ulinikataza kuzungumza mambo ya kiwanja kwenye simu, na ulikuwa na haki. Simu yenu ikilia ua mzima unaitika. Basi chukua miwani, kaa peke yako, usome polepole, na usimpe mtu akusomee.

Kabla ya yote, ahsante. Ahsante sana Shangazi kwa kunisukuma kwenda Indonesia kumwona kaka Hijja. Nilikuwa na visingizio vingi, mara kazi, mara mtoto, mara safari ndefu. Ungenibembeleza nisingekwenda. Uliponifokea ndipo nikaenda kuomba likizo, na msimamizi wangu, Mungu amzidishie, akanipa bila maneno mengi.

Wa kushukuriwa mwingine ni jirani yangu Chepkirui, Mkalenjin wa ghorofa ya pili, anayehudumia wazee majumbani. Nilipomwambia sina wa kumwachia Nuru alinikatiza. "Wee enda tu. Huyu mtoto ni wangu pia." Mwezi mzima alimlisha, akampeleka kituo cha basi asubuhi, na nywele akamsuka. Nimerudi nimekuta mtoto anadai chai ya maziwa kwa kila mlo. Katika dua zako mtie na Chepkirui, hata kama si wa dini yetu.

Sasa tuje kwenye yale uliyonituma. Ulisema hivi: nenda ukamwone kaka yako kwa macho yako, na kama kweli anakaa kwenye ardhi ya watu, mrudishe, kiwanja cha baba yake cha Busi kinamsubiri. Najua pia jinsi wana wa Baba Mdogo wanavyokuandama wapewe kile kiwanja wajenge, na jinsi unavyowajibu mwaka baada ya mwaka kwamba kina mwenyewe. Kwa hiyo unalotaka ni neno moja tu, Hijja anarudi au harudi. Nitakuambia. Lakini nikikuambia hapa juu hutasoma yaliyobaki, nakujua.

Kijiji chao kinaitwa Tanete, kisiwa cha Sulawesi, upande wa Wabugisi. Ni kijiji kidogo tu, mashamba ya mpunga mbele, mikakao nyuma, msikiti katikati. Nyumba zao ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo ndefu, unapanda ngazi kuingia, na chini yake wanakaa kuku, pikipiki na magunia ya mpunga. Watu wake wanasali kama sisi na wanakula kuliko sisi. Nilifika Jumatano, na mpaka Alhamisi jioni nilikuwa nimelishwa katika kila nyumba ya jirani. Kukataa sahani ya pili ni ugomvi.

Kaka yetu mzima, Shangazi. Ameungua jua, amekonda kidogo, lakini ni kukonda kwa kazi si kwa shida. Analima mpunga na trekta la kusukuma kwa mkono, na lugha yao anaiongea mpaka anatania wazee. Aliyekuwa akiegesha magari ya watu hapa mjini, na kila jioni akirudi amenuna, kule anapiga mluzi! Hapo nikasema moyoni, Mola nakushukuru, ndugu yangu hajapotea.

Na Tenri mkewe, ambaye wewe unamjua kwa picha tu, ni mtu na utu wake. Unakumbuka alikuja hapa kupika nyumbani kwa ofisa mmoja wa ubalozi wao. Mkataba wa ofisa ulipokwisha Tenri akarudi kwao, Hijja akamfuata, nawe ukakaa siku mbili bila kula. Basi leo nakuomba kitu kimoja: usimuulize tena kwenye simu habari ya mtoto. Mungu hajapenda bado. Yeye ananyamaza kwa heshima, lakini anaumia.

Wanaishi na mama yake Tenri, Mama Hasna, mjane, mdogo wa mwili na mkubwa wa sauti. Mkikutana nyie wawili sijui nani atamwacha mwenziwe aongee.

Haya, ardhi. Lile ulilolisikia ni kweli. Alhamisi ile ile nilimuuliza Hijja chini ya nyumba pale, kiwanja hiki cha nani? Akanijibu bila kupepesa macho kwamba ni cha mjomba wake Tenri, na kwamba mjomba sasa anakihitaji, binti yake anaolewa na anataka kumjengea hapo. Loo! Damu ilinipanda. Nikamwambia, yaani unafukuzwa, na umekaa hapo unamenya karanga? Akacheka. Akasema, "Kesho utaona." Basi, hakuongeza neno. Alitaka kunishangaza, na alinipata kweli kweli.

Ijumaa asubuhi Hijja alikwenda mjini kununua kamba, na Tenri alikuwa kwa jirani jikoni. Mimi nikashuka ngazi kwenda kuoga. Nikaona nguzo za nyumba zimepigwa alama nyekundu. X, Shangazi! Kila nguzo ya nje na X yake. Wewe unajua kwetu X nyekundu maana yake nini. Nyumba ya mama mdogo kule Dar ilipigwa X kupisha barabara, na tulipokwenda kumtembelea tulikuta kifusi na yeye amekaa juu ya sanduku. Kuoga nikakusahau.

Narudi juu, namkuta Mama Hasna anatoa vyombo. Anateremsha sahani, anateremsha magodoro, anateremsha televisheni, na anaimba! Nikasema maskini, huyu mama wameshamtisha mpaka amekubali. Yeye Kiswahili hajui, mimi Kibugisi sijui. Akitoa sufuria, mimi nairudisha ndani. Anatoa, narudisha. Mara ya tatu alinitazama, akaweka kiganja kwenye paji langu la uso kuona kama nina homa.

Baada ya sala ya Ijumaa nikawaona wanakuja kutoka msikitini, wanaume wa kijiji kizima, vikoi vimepandishwa, mianzi mirefu mabegani. Wallahi nilijua ndiyo saa yenyewe. Nikajifunga khanga kiunoni, nikakaa juu ya ngazi katikati. Nikawaambia kwa Kiswahili, kwa maana hasira hainijii kwa lugha nyingine, "Hapa hapiti mtu! Mkitaka kubomoa mtaanza na mimi!"

Wao wakatabasamu. Mzee mmoja mwenye kofia nyeupe akanipa kipande cha ndizi iliyopikwa kwenye jani, nikaipokea kwa hasira nikaila. Ndipo Hijja akatokea nyuma yao na furushi la kamba. Aliponiona nilivyokaa pale, alicheka mpaka akakaa chini.

"We Vumilia, teremka. Hawabomoi. Wanabeba."

"Wanabeba nini?"

"Nyumba."

"We Hijja, usinifanye mjinga mbele za watu."

Alipowatafsiria niliyoyasema, walicheka mpaka wengine wakaegemea mianzi. Ile X ni ya fundi seremala, inaonyesha mahali pa kufungia mwanzi ili uzito ugawanyike sawa. Hadi naondoka, watoto wa kule walikuwa wakiniona wanachora X hewani kwa kidole. Nimewasamehe.

Sasa sikiliza. Kule ardhi ni kitu kimoja na nyumba ni kitu kingine. Nguzo hazikuchimbiwa, zimekaa juu ya mawe. Ardhi ikitakiwa na mwenyewe, watu hawabomoi wala hawagombani, wanakwenda na nyumba yao. Walifunga ile mianzi kutoka nguzo hadi nguzo, kulia kushoto, mbele nyuma, mpaka ikawa kama kitanda cha kamba. Kisha wakaingia chini, bega kwa bega, sikuweza kuwahesabu.

Na yule mjomba mwenye ardhi, ambaye nilikuwa nimeshampangia maneno yangu usiku kucha, ni nani unadhani? Ndiye yule mzee wa kofia nyeupe, aliyenipa ndizi! Na ndiye aliyeingiza bega la kwanza kwenye nguzo ya kona, pazito kuliko pote. Anataka ardhi yake, na anambeba anayetoka. Nilisimama pale na lile jani tupu mkononi, nikaona haya. Nikawakumbuka wana wa Baba Mdogo, lakini niyaache hayo.

Kabla ya kuinua, seremala aliwanyamazisha wote. Akamwita Mama Hasna apande, peke yake, ashike nguzo ya katikati ya nyumba. Ile nguzo wanaiita kitovu. Akauliza kwa sauti, nyumba hii ya nani? Na watu wote, na Hijja akiwemo, wakaitikia kwa jina la yule mama. Nilishangaa, kwa sababu mbao za nyumba ile kaka amezipasua mwenyewe na bati amelipigilia mwenyewe. Mama Hasna akaomba dua, akashuka, akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Halafu wakaiinua. Shangazi, nyumba ilinyanyuka! Mpiga kelele mmoja mbele anaita, wao wanaitikia, na nyumba inatembea, mapazia yanapepea madirishani, ngazi inaning'inia. Ilipita kando ya mikakao, ikakata kona, ikavuka mfereji. Mimi nilikuwa nakimbia pembeni nalia na kucheka kama kichaa. Wakaitua juu ya mawe mapya, kwenye kipande alichoachiwa Mama Hasna na mama yake, pembeni ya mpunga. Seremala akapima kwa jicho, akasogeza jiwe moja, basi. Watu wakakaa kwenye mikeka wakala wali wa kunata na samaki, wakaagana, wakaenda zao. Jioni tulikunywa chai ndani ya nyumba ile ile, na saa ya ukutani ilikuwa inatembea.

Nilipomwonyesha Nuru picha za siku ile aliniuliza kwa nini na sisi tusibebe ya kwetu, maana mwenye jengo kila mwaka anatupandishia kodi. Nikamwambia tuko ghorofa ya tatu, mwanangu, tutabeba nini, zulia? Chepkirui naye hakuamini. "Yaani nyumba mzima mzima? Wacha!" Amezituma zile picha kwao Kericho.

Jumamosi ndipo nilipompa Hijja ujumbe wako. Tulikaa kwenye ngazi, mbele yetu mpunga. Nilimwambia neno kwa neno kama ulivyonipa, kwamba arudi, kiwanja cha baba kipo, umekilinda, na kwamba asiporudi watakichukua wengine. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atabisha. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Shangazi analala wapi siku hizi?"

Nikamwambia, kwa Baba Mdogo, chumba kile kile cha nyuma ya jiko.

"Kile cha tembe? Lile paa la udongo bado linavuja?"

Nikamwambia masika kinavuja, unasogeza kitanda.

Kisha akaanza kuniambia habari ya ile nguzo. Akasema mwaka wa kwanza alipoona watu wanaiita nyumba ya Mama Hasna, roho ilimuuma. Yeye apige misumari, halafu nyumba iwe ya mama mkwe! Akaenda kumuuliza seremala, na seremala akamjibu kwamba watoto wanaoa na kuolewa, wanakwenda na kurudi, hata ardhi inabadilika, lakini kuna mtu mmoja anayebaki ameshika katikati ili wengine wapate pa kurudi. Basi nyumba ni ya huyo. "Nikakaa nikafikiri," Hijja akaniambia. "Kwetu sisi, aliyeshika katikati ni nani?"

Nilianza kulia, Shangazi, naye akalia.

Maana tulikumbuka wote. Mama alipotangulia, na baba akamfuata, watu walikaa kikao cha kutugawa, huyu huku, yule kule. Wewe ndoa yako ilikuwa imevunjika, umerudi kwa ndugu zako huna hata kigoda, ukasimama ukasema watoto hawa hawagawanywi. Ukatulaza wote kwenye kitanda chako, ukalala chini. Ulilima mashamba ya watu ili twende shule. Tumekua, tumeondoka, mmoja Marekani, mmoja Indonesia, na wewe umebaki unalinda kiwanja. Unakifyeka, unakwea mpaka Busi kukagua mipaka, unagombana na watoto wa kaka yako, yote kwa ajili ya mwanaume aliye ng'ambo. Halafu jioni unarudi kulala nyuma ya jiko la watu. Na sisi tulikuwa tunakupigia simu kukuuliza kiwanja kinaendeleaje! Wallahi tulikosa akili.

Basi jibu lako ni hili. Hijja harudi kukaa. Nakuambia wazi, najua itakuuma, lia kidogo kisha uendelee kusoma. Kwake ni kule sasa, ana mke, ana kazi, na ana watu ambao siku ya kuhama wanaingiza mabega.

Lakini kiwanja hakipati mwana wa Baba Mdogo hata mmoja. Kiwanja ni chako. Si cha kukilinda, Shangazi. Ni chako, cha kukaa.

Usianze kusema mwanamke harithi. Hijja alishampigia Baba Mdogo mbele yangu. Baba Mdogo akaanza hayo hayo, mila, ukoo, watu watasemaje. Kaka akamjibu kwa adabu kwamba yeye ndiye mtoto wa kiume wa marehemu, haki ni yake, na kitu chake anampa anayemtaka. Halafu mzee akasema taratibu, "Dada yangu ametushinda wote kwa subira. Mimi sina la kupinga." Ameahidi kwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji kuwa shahidi. Tulimwomba asikuambie mpaka barua ifike. Kwa hiyo kama siku hizi unamwona anakuangalia kisha anatazama pembeni, ndiyo sababu.

Mwakani, Idi Kubwa ikipita, kiangazi, tunakuja. Hijja na Tenri, mimi na Nuru. Tofali tutachoma, mabati ni juu yangu, na mbao za paa kaka atazipasua kwa mkono wake. Mama Hasna naye anataka kuja, anasema atasaidia kubeba. Tumemwambia nyumba za Kondoa ukiziinua unabaki na vumbi. Amesema atakuja hivyo hivyo.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie nimemheshimu kwa lile neno lake. Wasalimie wanawe, hata wakinuna. Msalimie Mwalimu Elisante aliyenifundisha kuandika barua, na Bi Genoveva wa mashine ya kusaga. Tenri anakubusu mikono yote miwili, ndivyo wafanyavyo kwao kwa mama mzazi. Mola akutunze, akupe afya na miaka ya kukaa chini ukapumzika, na sisi atujalie kukukuta.

Nakushukuru, Shangazi. Nakushukuru kwa kitanda kile, na kwa kila siku uliyotufanya tujione tuna kwetu.

Hijja anaanza kuchora nyumba yako mwezi huu, na amesimama hapo hapo mwanzo kwa sababu kuna kitu kimoja hatukijui. Maisha yako yote umeingia na kutoka kwenye milango ya watu, hakuna aliyewahi kukuuliza. Tunakuuliza sisi, mpe Bupe jibu kabla hajaondoka: mlango wako unataka utazame wapi?

Ni mimi mwanao, uliyenizaa kwa kunilea,

Vumilia